Kioo cha rangi hakisitiri usiku

Mhariri,

Naomba nafasi niwazungumzie wanaojenga na wanaohamia nyumba mpya. Nyumba nyingi za mijini siku hizi hufungwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, kioo chake cha rangi au kile kinachong'aa ukajiona ukiwa nje. Ndani hutundikwa pazia jepesi jeupe, na mwenye nyumba huridhika. Mchana mpita njia kweli haoni kitu. Saa moja jioni taa zikiwashwa, sebule yote iko hadharani: nani anakula, nani anabadili nguo, na televisheni inaonyesha nini.

Sitara ya pazia jepesi hutegemea upande gani una mwanga mwingi. Mchana jua hulipiga pazia jeupe kutoka nje likang'aa, na mng'ao huo ndio unaomzuia wa nje asione chumba chenye giza kidogo. Usiku chumba ndicho chenye mwanga na nje kuna giza, basi mambo hugeuka. Kioo cha kung'aa na zile stika za kioo zinazouzwa kwa mita hufuata kanuni hiyohiyo. Aliyeongeza pesa kwenye kioo hicho amenunua sitara ya mchana peke yake. Stika yenye ukungu ndiyo husitiri saa zote, lakini huondoa na mandhari. Iache kwa bafu na choo.

Ndiyo maana dirisha la kuishi nalo linahitaji pazia mbili, jepesi likae upande wa kioo na zito upande wa chumba. La zito lisinunuliwe kwa rangi wala kwa uzito wa mkononi. Pale dukani washa tochi ya simu nyuma ya kitambaa na upitishe vidole katikati. Ukiona umbo la vidole, mtaani wataona umbo lako, na kitambaa hicho lazima kishonewe bitana. Wateja wengi huikata bitana ili kupunguza gharama, kisha pesa hiyo wanaitia kwenye vishada na kamba za kufungia. Mimi ningefanya kinyume. Kwa dirisha linalotazama magharibi bitana ina kazi ya pili: jua la alasiri hula bitana kwanza, si kitambaa cha mbele.

Na taa ina neno lake. Taa ikiwa nyuma yako, wewe ukawa kati yake na dirisha, kivuli chako huangukia pazia hata kama ni nene kiasi. Chumbani weka taa ya pembeni upande wa dirisha, ili kivuli kiende ukuta wa ndani.

Tuje kwenye vipimo, ambako pesa nyingi hupotea. Chukulia dirisha la upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2, kizingiti chake kiko sentimita 90 kutoka sakafuni. Usipime kioo, pima bomba la kutundikia pazia. Bomba lizidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande, kwa hiyo ni mita 1.9. Pazia zito huhitaji mara mbili ya urefu wa bomba ili liwe na marinda hata likifungwa, yaani mita 3.8, jepesi huhitaji mara mbili na nusu, yaani mita 4.75. Ongeza sentimita 20 za pindo za pembeni kwa vipande viwili. Ukinunua kitambaa cha upana wa mita 2.8 hukatwa kikiwa kimelazwa, upana wa jora ndio unakuwa kimo cha pazia, na unachukua mita 4 za kizito na mita 5 za jepesi bila viungo. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 hubadilisha hesabu yote. Hicho hukatwa kwa kimo: bomba likiwa mita 2.25 juu ya sakafu, kata mita 2.5 ili upate pindo la chini la sentimita 10 lililokunjwa mara mbili na nafasi ya juu. Kwa pazia zito vipande vitatu ni mita 7.5, kimoja kati yake kikipasuliwa nusu kwa nusu. Bei ya mita inaweza kuwa ndogo na jumla ikawa kubwa. Pamba iloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa ikirudi hata asilimia 3 tu pazia la mita 2.2 hupanda zaidi ya sentimita 6, na pengo hilo la chini halina dawa.

Ringi, yaani matundu ya juu ya pazia yanayopitishwa bomba, ziwe shufwa kwa kila kipande, ili kingo zote mbili zigeukie ukutani. Kipande cha mita 1.9 hutosha ringi 12, kila moja sentimita 16 hivi kutoka mwenzake. Ringi ya mwisho ya upande wa ukuta iachwe nje ya kishikio kinachobeba bomba, kati ya kishikio na kichwa cha bomba. Pazia halitavutwa likaacha mwanya pembeni, na mwanya huo ndio jirani anaochungulia bila hata kukusudia.

Bomba liwe la mistari miwili, na mistari hiyo iachane angalau sentimita 8. Ikikaribiana, ringi husuguana na ukivuta pazia moja la pili hufuata. Angalia pia grili: kama imefungwa kwa ndani na imetokeza, bomba la nyuma lazima lipite mbele yake, la sivyo pazia jepesi litanasa kwenye mikwaruzo ya kulehemu na kuchanika kila upepo ukivuma. Piga tupa sehemu hizo kwanza. Bomba la zaidi ya mita 1.8 liwekewe kishikio cha katikati, maana uzito wa pazia lenye bitana hulipinda.

Kwa miji ya pwani, kasoro kubwa ya pazia zito ni joto. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, wavu wa mbu unapunguza upepo, na ukiongeza bitana chumba kinakuwa tanuri. Hapa napendekeza tabaka la tatu, pazia nusu. Hili hufungwa ndani ya fremu kwa fimbo ya springi, likafunika kuanzia kizingiti hadi mita 1.65 kutoka sakafuni, na sehemu ya juu hubaki wazi. Doti moja ya kanga inatosha: kila kipande kina upana wa mita 1.5 hivi, viwili ni mita 3, mara mbili ya dirisha letu. Zifue peke yake kwanza, rangi hutoka. Ila ukitazamana na ghorofa pazia nusu halikufai, kwa sababu wa juu huona kila kitu. Kwa wengine utaratibu ni huu: zito lifungwe taa inapowashwa, na ukizima taa ya kulala lifungue upepo uingie. Chumba kikiwa giza na nje kuna taa ya ulinzi, pazia jepesi linasitiri tena kama mchana.

Neno la mwisho ni kwa mafundi ujenzi. Juu ya dirisha kuna lenta ya zege, na drili ya kawaida huteleza hapo. Ndiyo sababu bomba nyingi hufungwa kwenye plasta tupu na kuanguka zikiwa na kipande cha ukuta. Itumike drili ya kugonga na biti ya milimita 8, tundu lipite plasta na kuingia kwenye zege, plagi na skrubu ziwe za sentimita 5 au zaidi. Na fundi wa jipsamu aambiwe mapema: dari ikishushwa hadi karibu na dirisha hakuna pa kufunga bomba, na ubao wa jipsamu peke yake haubebi pazia. Atie mbao nyuma yake, juu ya kila dirisha, kabla hajaifunika, na aache alama ya penseli ukutani inayoonyesha mbao ilipo.

Fundi wa mapazia,
Dar es Salaam