Mama, mruhusu somo yako apande ngalawa

Assalam alaikum Baba na Mama, shikamooni. Bwana mdogo, wasomee kwa sauti na usiruke kitu, hasa pale nnapomtaja Mama.

Huku Portsmouth, Uingereza, sote wazima alhamdulillah, mie bado na zamu zangu za usiku hospitali, baridi ishaanza na Jumapili hii saa zinarudishwa nyuma, kuanzia hapo saa kumi na moja jioni ni giza totoro. Ndo maana klabu ya vyombo vya tanga imefunga msimu wa watoto mpaka Aprili, vyombo vishapinduliwa juu chini uwanjani na kufunikwa, na mjukuu wenu, huyu aliyepewa jina la Mama, ananizungukazunguka ndani hana pa kwenda.

Mama, siku ile kwenye simu ulisema mtoto wa kike hapandi ngalawa na ukakata maneno hapo hapo, mie sikutaka kubishana nawe simuni na watu wamekaa barazani wanasikiliza. Lakini sisi Desemba tunakuja inshaallah, na huyu mtoto kitu anachokiomba ni kimoja tu, atoke na babu yake Nungwi kwenye kaskazi. Kwa hiyo naandika ujue kafanya nini msimu mzima, halafu ndo useme.

Chombo chao kinaitwa Optimist. Baba ungekiona ungecheka mpaka ukohoe, hakina omo ya maana, mbele bapa tu, beseni la kufulia lililopigwa mlingoti, urefu mita 2.3 na uzito kilo 35, tanga moja linalotanuliwa kwa mti wa kukingama. Alikichora Mmarekani anaitwa Clark Mills mwaka 1947 huko Florida, alitaka chombo cha plaiwudi cha bei ndogo watoto wajifunzie, sa hivi dunia nzima wanacho na mwisho wa kushindana nacho ni miaka 15. Hata Ben Ainslie, yule Muingereza mwenye dhahabu 4 za Olimpiki, alianzia humo humo. Ndani kuna mifuko mitatu ya hewa imefungwa pembeni na nyuma ili kisizame hata kikijaa maji, na kidumu cha maziwa kilichokatwa mdomo kimefungwa kamba, hicho ndo cha kufulia maji. Sijakiona kitu cha kizungu kinachonikumbusha kwetu kuliko hicho kidumu.

Sasa Mama sikiliza hapa. Somo la kwanza kabisa, kabla hata ya kushika demani, yaani kamba ya tanga, ni kupinduka. Wanapinduliwa makusudi, na maji ya huku mwezi wa nne ni baridi inayouma mifupa, wamevaa wetisuti na jaketi okozi, mtoto anazunguka chini ya chombo, anapanda juu ya ule ubao wa kati unaotokeza chini ya chombo, anaegemea kwa uzito wake mpaka mlingoti unainuka, halafu anaingia anaanza kufua maji. Mjukuu wako alilia mara ya kwanza, sikufichi, baadae akawa anapindua mwenyewe kwa mchezo mpaka mwalimu akamkanya. Na kila wanapotoka kuna boti za injini zinawafuata, dereva kajifunga kamba nyekundu mguuni iliyounganishwa na injini, akianguka baharini injini inazima yenyewe.

Mzazi huku hakai akanywa chai tu, kila mtu na zamu yake. Mie nimepewa ubao wa namba. Mtoto akitoka anachukua kibao chake chenye namba, akirudi anakitundika, na mpaka misumari yote ijae hakuna wa kuondoka. Kuna jioni kibao kimoja hakikurudi, boti zikatoka tena kutafuta, roho zishatufika kooni, mama wa mtoto kashika kichwa, kumbe bwana mkubwa yuko bafuni anaoga maji moto, kibao kimo mfukoni. Alisemwa siku ile! Nikajiuliza, kwetu ngalawa ngapi zinatoka alfajiri na ubao wetu ni macho ya wanawake tu pwani?

Baba, sasa resi zenyewe. Hawapangwi mstari ufukweni wakasubiri filimbi. Mstari upo baharini, kati ya boya na chombo cha waamuzi, na honi inalia dakika 5 kabla, bendera inapanda, dakika ya 4 inapanda ya bluu yenye mraba mweupe katikati, dakika 1 inashuka, ikifika sifuri mnakwenda. Hizo dakika zote wanazungukazunguka kuvizia nafasi, asiye na usukani mzuri anasukumwa nyuma. Ukivuka mapema inapandishwa bendera nyeupe yenye msalaba wa bluu, urudi nyuma uanze upya. Mwenye tanga upande wa kushoto, yaani upepo unampiga kuliani, ndo mwenye haki, anayepigwa na upepo kushotoni ampishe, na ukimkosea unajizungusha mara mbili mwenyewe uendelee. Refa wa kupuliza kipenga hamna. Pointi nazo kinyume na mpira, wa kwanza anapata 1, wa pili 2, mwenye chache ndo bingwa.

Wiki ya vijana ya Agosti ndo ilikuwa na raha yake. Siku moja upepo mdogo, maji yanatoka kwa kasi, na boya la juu, la upande unakotoka upepo, liko kinyume na mkondo. Watoto wote wakakamata katikati ya mlango kwa sababu upepo ulionekana mzuri huko, wanabisha tanga huku na huku kuukabili upepo, wanabisha, hawasogei. Mjukuu wenu akaenda kando kando kwenye maji haba, karibu kabisa na tope, mpaka mie nikasema huyu atapanda mchanga. Akalizunguka boya mbele ya wakubwa zake! Mwalimu akamuuliza nani kakufundisha, akajibu babu yangu, maji yakipwa pita pembeni mkondo umelala. Baba, kumbe yale mazungumzo yenu ya Ijumaa kwenye WhatsApp ndo hayo.

Weymouth nako tulikwenda, pale palipofanyika Olimpiki ya matanga 2012. Upepo ukachafuka, wakapandisha bendera ya mistari myekundu na myeupe, maana yake subirini, tukasubiri kutwa, watoto wamekula chipsi mpaka basi na hakuna aliyetoka. Wanajua kusema leo hapana, hata watu wametoka mbali na wamelipa.

Basi Mama, sikuombi aende peke yake wala aende siku ya bahari chafu. Aende na Baba, asubuhi, ndani ya mwamba, na ngalawa ina matengo yake, yale mabawa ya pembeni, haipinduki ovyo kama hilo beseni lao. Mie nilikaa pwani utoto wangu wote nikiwaangalia kaka zangu wanatoka, na wewe unajua nilivyokuwa nikinuna.

Jaketi okozi nitaleta, lake na za watoto wa kaka. Bwana mdogo, wapime kifua na uzito unitumie kabla ya mwisho wa mwezi, wanauza kwa kilo huku si kwa umri. Na Baba nipimie na wewe, usiseme huhitaji, somo yake Mama kasema hapandi kama babu hajavaa.