Vidhibiti viwili kwenye waya mmoja si akiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wenye viwanda vya mafuta ya alizeti hapa Dodoma na jirani zetu wa Singida, ambao baadhi yao sasa wanaacha kuendesha mitambo kwa mkono na kuikabidhi kwa vidhibiti vya kompyuta.

Msimu uliopita niliitwa usiku kwenye kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta kilichosimama ghafla. Mwenyewe alifoka, na alikuwa na haki, kwa kuwa alikuwa amelipia vidhibiti viwili: kimoja kinaendesha kazi, na cha pili kinafuatilia kila hatua ili kishike zamu papo hapo mwenzake akizimika. Nilivikuta vyote viwili ni vizima. Kilichokufa ni kile kifaa kidogo kinachogeuza umeme wa volti 230 kuwa volti 24, nacho kilikuwa kimoja tu, kikivilisha vyote. Vali zilijifunga, mvuke unaoendesha mtambo wa kunyonya hewa ukakatika, na hewa ikaingia kwenye tangi la kuondolea harufu, ambamo mafuta hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Mafuta ya tangi zima yaligeuka rangi.

Hesabu yake si ngumu. Kidhibiti kikiwa na uwezekano wa 1 kati ya 100 wa kuharibika katika kipindi fulani, viwili visivyotegemeana kwa lolote vitaharibika pamoja kwa uwezekano wa 1 kati ya 10,000. Lakini ikiwa sehemu moja tu ya kumi ya hitilafu hizo hutokana na chanzo kinachovigusa vyote, kama vile umeme, joto la kabati, vumbi au programu, uwezekano huo unapanda hadi karibu 1 kati ya 1,000, na fedha ya kidhibiti cha pili imepotea kwa sehemu kubwa.

Wakubwa nao yamewakuta. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka takriban sekunde 40 baada ya kuruka. Ilikuwa na vifaa viwili vya kupimia mwelekeo vyenye programu ile ile. Cha akiba kilizimika kwanza, na kikuu kikafuata kabla ya sekunde moja kwisha, kwa kosa lile lile. Hata kiwandani, sensa tatu za kupimia shinikizo, zilizowekwa ili mbili zikikubaliana ziishinde ya tatu, zikichomekwa kwenye kibomba kimoja kilichoziba zitapiga kura kwa kauli moja, na zote zitakuwa zinadanganya.

Tunasema akiba haiozi, lakini akiba ya mitambo isiyojaribiwa huoza kimya kimya: betri zinakufa bila mtu kujua, na kidhibiti cha pili kinabaki na programu ya zamani baada ya fundi kurekebisha cha kwanza peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wanunuzi wadai katika zabuni kwamba kila kidhibiti kiwe na njia yake ya umeme, fyuzi yake na, ikiwezekana, kabati lake. Siku ya makabidhiano, kabla ya malipo ya mwisho, fundi wa muuzaji achomoe waya wa kidhibiti kinachofanya kazi, mtambo ukiwa unazunguka, mwenye kiwanda akiwa amesimama pale pale anatazama.

Fundi wa vidhibiti,
Kizota, Dodoma