Barua kwa mwanangu: kompyuta igonge nyundo, ukurasa upange wewe

Mwanangu mpendwa,

U hali gani? Kurasa ulizonitumia nimezipata na nimezisoma zote, kwanza kwa kuziimba, kisha kwa kuzitazama tu kama mtu asiyejua muziki. Nota ni sahihi. Umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na kanuni za wachongaji wa zamani waliochonga kurasa za muziki kwa mkono, maadamu programu ya kuandika nota inazijua na inazitekeleza yenyewe. Sitakujibu kwa kuisema vibaya kompyuta. Mimi mwenyewe sirudi tena kwenye kalamu na rula, na wengi wanaosifu kazi ya mkono kwamba ilikuwa na roho hawajawahi kukwangua wino ulioganda mahali pasipo pake.

Ila ngoja nikueleze ile kazi ilivyokuwa, maana jibu limo humo.

Petrucci, mchapaji wa Italia, alipochapa muziki wa sauti nyingi kule Venice mwaka 1501, alitumia herufi za kupangwa moja moja, na karatasi ileile ilipita mtamboni zaidi ya mara moja: mistari kwa zamu yake, nota kwa zamu yake. Kazi safi ajabu, lakini ya polepole na ya gharama. Njia iliyokuja kutawala kuanzia karne ya 18 ilikuwa nyingine: bamba la metali laini. Mchongaji alikwaruza mistari mitano kwa mkupuo mmoja, kwa chombo chenye meno matano. Kisha akagonga kwa nyundo mihuri ya chuma, mmoja wa kichwa cha nota, mwingine wa ufunguo unaokaa mwanzo wa mistari, mwingine wa shapu, ile alama ya kuipandisha nota nusu sauti. Vijiti vya nota, na pinde zinazounganisha nota, alivikata kwa kisu cha kuchongea. Yote hayo aliyafanya kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili yakichapwa yasomeke sawasawa. Akikosea, alipima kwa bikari mpaka apajue mahali penyewe, akageuza bamba, akagonga kwa nyuma hadi lile shimo liinuke, akasawazisha, ndipo akagonga upya.

Kwa kuwa kosa moja lilimtesa hivyo, hakushika nyundo kabla hajaupanga ukurasa mzima. Alihesabu vipimo, yaani vile visehemu vya wimbo vinavyotengwa na mistari ya wima. Aliamua safu ngapi za mistari mitano ziingie, kila safu iishie kwenye kipimo gani, na mpigaji atageuzia wapi karatasi. Alitia alama nyepesi pale ambapo kila nota ingekaa. Kugonga kulikuja mwisho, baada ya kuwaza kwisha. Kompyuta imetuondolea adhabu ya kosa, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba tuliposamehewa adhabu tuliacha na kupanga. Ninachokulaumu ni hicho tu. Ulianza kuingiza nota kipimo cha kwanza, ukamalizia cha mwisho, ukurasa ukajipanga ulivyotaka wenyewe.

Tazama ukurasa wa tatu. Uko upande wa kulia, kwa hiyo ukiisha lazima mtu ageuze. Unaishia katikati ya kifungu ambacho mikono yote miwili ya mpiga kinanda ina kazi. Vipimo vitatu kabla ya hapo mkono wa kushoto una kimya kirefu, tena kimya cha kutosha kugeuza bila papara. Programu haikukiona kwa sababu ilikuwa inajaza nafasi. Toa safu moja kwenye ukurasa huo, uipeleke wa nne, hata kama chini patabaki peupe. Peupe hapamuumizi mtu.

Sasa nafasi kati ya nota, ambayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie. Nota ya nusu hudumu mara mbili ya nota ya robo, lakini ukiipa nafasi mara mbili, ukurasa unatoboka matundu. Wachongaji waliipa kama mara moja na nusu hivi. Hesabu ya namna hiyo programu zimeirithi, na hapo huna la kuongeza. Lakini kuna mambo ambayo hesabu peke yake haiyamalizi. Kijiti cha kwenda juu hukaa kulia kwa kichwa cha nota. Cha kwenda chini hukaa kushoto. Nota ya kijiti cha juu ikifuatwa na ya kijiti cha chini, vijiti viwili vinasogeleana na jicho linasema nota zimebanana, ingawa ukizipima vichwa viko sawa na vingine. Ukizipanga kinyume, zinaonekana kuachana. Mchongaji stadi alisogeza kichwa upana wa unywele, msomaji asijue kwa nini ukurasa unamtulia.

Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walioanzisha LilyPond, programu ya kuandika nota, mwaka 1996, walizichunguza kwa makini kurasa zilizochongwa kwa mkono ili waifundishe kompyuta marekebisho kama hayo. Kwa hiyo unaposema programu inajua, ujue kuna watu walioketi wakatazama. Wewe nawe tazama, hasa pale penye maneno ya wimbo. Silabi pana chini ya nota fupi huisukuma jirani yake, na mdundo ambao sikio litausikia sawasawa, macho yanauona umekwenda upande. Punguza herufi kidogo, au iache silabi ipite nje ya nota yake.

Kuna na hili la programu zenyewe. Finale, nayo ya kuandika nota, ilitoka mwaka 1988, na Agosti 2024 wenye nayo walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Kazi zilizoandikwa humo zinaweza kuhamishiwa programu nyingine kwa MusicXML, aina ya faili ya kubadilishana nota, na nota na maneno husafiri vizuri. Ule usogezaji mdogomdogo wa mkono, mwingi wake haufiki. Aliyejua kwa nini alisogeza atasogeza tena popote aendapo. Aliyekariri vitufe anaanza darasa la kwanza.

Yapo ya kuiachia mashine bila kuona haya. Kupandisha au kushusha sauti ya wimbo mzima, kutoa karatasi ya kila ala, kuandika namba za vipimo: huko ufundi wa mkono ni kujitafutia makosa tu. Na usiguse kila kitu kwa sababu unaweza kukigusa. Nimeona kurasa zilizoharibiwa na mtu mwenye bidii kuliko na programu.

Kabla hujanitumia tena, chapisha kwenye karatasi, weka kwenye stendi, rudi nyuma hatua mbili. Kwenye skrini unakuza utakavyo, mpigaji hana pa kukuzia. Halafu ule upinde wa ukurasa wa nne unagusa shapu. Nadhani uliuona ukauacha. Utoe hapo, kisha nitumie ukurasa wa tatu na wa nne pamoja, maana ukiondoa ile safu, kurasa zote mbili zitabadilika. Nizipate kabla ya mazoezi, nizipige mwenyewe nione kama mkono unawahi kugeuza.

Mama yako