Shoga yangu, hiyo "get" isikulize

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Barua yako ya kulilalamikia hilo neno la Kiingereza "get" nimeipata Alhamisi, nikaisoma jikoni mpaka maharage yakashika chini. Nisamehe, nilicheka. Msimamizi wako wa ghalani huko Leicester, Uingereza, anakuambia "Get the door", nawe umekumbatia boksi lako unamuuliza umletee mlango upi! Kisha nikafika pale ulipoandika kwamba ulikwenda kulia chooni, kicheko kikanikauka.

Kosa si lako. Unaikumbuka kalamu nyekundu ya mwalimu wetu wa kidato cha pili? Kila "get" ilipigwa mstari, pembeni inaandikwa "receive", "obtain", "arrive". Tukaamini "get" ni neno la wavivu, tukatoka shule na Kiingereza cha barua ya kuomba kazi. Sasa nani azungumze hivyo mgongoni ana mzigo? Mimi mwenyewe nilianza upya pale nyumba ya wageni Pangani, na aibu nimeila. Wageni wawili wamemaliza kula, nimeleta bili, mmoja akaivuta akasema "I'll get this". Nikadhani anataka kuondoka na karatasi. Nikamwachia, nikamgeukia mwenzie kumdai hela! Kumbe kasema, "Hii nalipa mimi."

Unaniomba nikupe maana moja tu ushike. Sina. Hebu fikiria mtu akuulize "piga" maana yake nini. Utamwonyesha kofi. Halafu atusikie tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga hodi, tunapiga chafya. Nani kachapwa hapo? Wewe huliwazi "piga", unawaza kile kinachofuata. Basi "get" ndiyo "piga" yao. Mlango ukifuata, ujue wanataka ushughulikiwe: ufungue, au uushike wenzako wapite. Simu ikiita na mtu akakuambia "Can you get that?", pokea.

Penye "pata" pana nafuu. Kupata barua, kupata kazi, kupata homa, zote "get" inazibeba bila taabu. Hata "I don't get you" ni kama sisi tunavyosema "sijakupata" mtu akitufumbia maneno. Ila wakikuambia "You're going to get it!" usingoje zawadi, utakiona cha mtema kuni. Na "Get lost!" si kupotea njia, ni potelea mbali.

Lakini panapokukwaza hasa, kwa nilivyosoma mifano yako, si hapo. Ni pale "get" inapotangulia sifa. Tazama Kiswahili kilivyojaliwa: zeeka, nenepa, konda, lewa, choka, pona. Kila badiliko na kitenzi chake. Wao mara nyingi huchukua sifa iliyolala, "old", "fat", "drunk", wakaitangulizia "get" ndiyo iamke. Kwa hiyo "I'm tired" ni nimechoka, nimeshafika huko. "I'm getting tired" ni naanza kuchoka, niko njiani. Ukimpigia msimamizi ukasema "I'm sick", ushaugua. Ukisema "I'm getting sick", homa inakunyemelea tu na pengine atakuambia njoo kazini. "She's married" ameolewa. "She got married in June" aliolewa Juni, unasimulia lile tukio. Na hilo giza la Desemba linalokushangaza saa kumi jioni, "it's getting dark", si ndiyo yetu, giza linaingia? Mimi nilipoona hivyo, kwamba "get" ni mlango wa kuingilia na "be" ni kuwa umeshaketi ndani, nusu ya maudhi iliniisha.

Nyingine ya kuangalia ni kazi unayofanyiwa na mtu. Umeandika ulimwambia mwenzako "I'm braiding my hair on Saturday", akakusifu una mikono mepesi. Alidhani unajisuka mwenyewe! Ulitaka kusema "I'm getting my hair braided", nasukwa. Simu ikivunjika kioo, "I need to get it fixed", maana si wewe utakayeifungua, unaipeleka kwa fundi.

"I've got" usiihangaikie: "I've got two children" ni nina watoto wawili, basi, hakuna cha kupata. Na "I've got to go" inabidi niende. Ukikutana na Mmarekani akakuambia "I've gotten a car", amelipata. "I've got a car", analo. Usimsahihishe, kwao ndivyo. Kwenye basi ni "get on" na "get off", kwenye gari dogo ni "get in" na "get out", na sisi kwa kupanda na kushuka tu tunamaliza yote. Majirani wakikuuliza "How are you getting on?" wanataka kujua unaendeleaje. Jibu "I'm getting by", yaani nasukuma maisha. Litakufaa mpaka mshahara upande.

Halafu kuna jambo nimelipenda, acha nikuchoshe kidogo. Unasema kila siku unapita mitaa ya Humberstone Gate na Belgrave Gate na hujaona geti hata moja. Hutaliona. "Gate" ya majina hayo ni "gata", barabara, kwa lugha ya Wadenmaki waliokuja huko kwa mashua zao za makasia karne ya 9. Leicester waliishika, ikawa mmoja wa miji yao mitano pamoja na Derby, Lincoln, Nottingham na Stamford. Na hii "get" inayokuliza ilitoka kwa watu haohao, wakiiita "geta". Wenyeji walikuwa na ndugu yake wa kwao, lakini asiyesimama peke yake. Bado amejificha ndani ya "forget". Yale maneno ya mwalimu, "receive", "obtain", "arrive", yalikuja baadaye kwa Kifaransa cha mabwana walioiteka nchi mwaka 1066. Kwa hiyo mwalimu wetu alikuwa akilikata neno la wachukuzi na wachuuzi akitutia mdomoni maneno ya ikulu, nawe ukaenda kufanya kazi ghalani!

Wiki hii usikariri orodha. Chukua daftari, kila ukisikia "get" andika sentensi nzima, na kando yake mambo yaliyokuwa yanatokea: nani kashika nini, nani anatazama wapi. Kisha niandikie tuzichambue. Hata zile za matusi, hizo ndizo nitakazosoma kwanza.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama huko unapata nazi. Nimemwambia unapata, za kopo. Hakunijibu, ameendelea kukuna.

Wako,
shoga yako wa Chumbageni