Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watunza Bustani, Kisumu

Ndugu wanachama,

Fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, nami sitazirudia. Kamati imeniomba nizungumzie jambo ambalo wanachama wameuliza kuliko yote mwaka huu: mbona miche hunyauka katikati ya masika, wakati maji yamejaa?

Hunyauka kwa sababu imezama. Wengi wetu wa upande wa tambarare, kushuka kuelekea Kano, tuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba na kuziba matundu ya hewa. Ukikauka husinyaa na kupasuka. Mzizi usiopata hewa huoza na kushindwa kunyonya maji, kwa hiyo majani hulegea na kugeuka manjano, nasi tukadhani ni kiu tukazidi kumwagilia. Kabla ya kushika mpira wa maji, fukua kidogo kando ya shina. Mizizi ikiwa myeusi, laini na yenye harufu ya uvundo, acha kumwagilia na ufungue njia ya maji yatoke.

Kosa huanzia kwenye shimo. Tunachimba shimo refu, tunalijaza udongo mzuri wa kununua, tunapanda. Kuta za mfinyanzi hazipitishi maji, basi shimo linageuka beseni: mvua yote ya jirani inaingia humo na haitoki. Katika udongo huu chimba shimo pana, mara tatu ya upana wa donge la mizizi, lakini lisizidi kina cha donge lenyewe. Kwaruza kuta kwa uma ili zisibaki laini. Rudisha udongo uleule ukichanganya na mboji iliyoiva, debe moja la mboji kwa madebe matatu ya udongo, na panda mche ukiwa umeinuka sentimita 10 juu ya ardhi, kisha uvutie udongo pembeni uwe tuta.

Mtaro uje kabla ya mmea. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha. Ukizidi sana maji yatakula kingo. Jicho hudanganya kwenye tambarare, hivyo tumieni mpira mwangavu wenye maji, ule mafundi wa ujenzi wanaopimia usawa wa msingi. Dimbwi lisikae zaidi ya siku mbili. Hapa kwetu malaria ipo mwaka mzima, na yai la mbu laweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi.

Wakati wa kuchimba ni mfupi na hauna budi kuheshimiwa. Januari na Februari ardhi ni ngumu kama sakafu. Aprili ni tope. Subirini manyunyu ya kwanza ya mwisho wa Februari au Machi. Chukua udongo kiganjani, uviringishe uwe mnene kama kalamu, kisha uukunje. Ukikunjika bila kukatika bado umelowa mno. Weka jembe chini, kwa maana udongo huu ukilimwa au kukanyagwa ukiwa tope, hukauka mabonge yatakayokusumbua hadi msimu unaofuata.

Kuhusu nyasi, kamati haishauri tena nyasi za kikuyu kwa bustani za mjini. Zinapenda ubaridi wa nyanda za juu kama Nakuru na Kericho. Sisi tuko kwenye mita 1,130 hivi, na joto letu huziacha na mabaka. Paspalamu hustahimili vizuri zaidi. Panda pingili kwa nafasi ya sentimita 15, ukiacha kifundo kimoja juu. Zikifika sentimita 7 punguza hadi 5, usiondoe zaidi ya theluthi kwa mkato mmoja. Mbolea ya CAN (ya nitrojeni), gramu 20 kwa mita ya mraba, itawanywe majani yakiwa makavu na udongo una unyevu, kisha imwagiliwe mara moja ili isiunguze.

Kiangazi kina dosari yake. Udongo ukishapasuka, maji unayomwaga hupita kwenye nyufa na kushuka chini bila kugusa mizizi. Parua sentimita 5 za juu hadi nyufa zifunike. Mche mchanga upe lita 5, ngoja nusu saa udongo uvimbe, ndipo umalizie lita 15. Tandaza nyasi kavu unene wa kiganja, ila ziache nafasi ya sentimita 10 kutoka shina, la sivyo mchwa watapanda.

Gugu maji la ziwani ni mali kwa mboji, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Lianikwe linyauke kwanza, lichanganywe na mabua makavu, ligeuzwe kila wiki mbili. Mbegu zake huishi miaka mingi. Mboji isiyopata joto la kutosha isiwekwe karibu na bwawa au mtaro uendao ziwani.

Wenzetu wa vilimani, Riat na Kajulu, shida yao ni kinyume: maji hukimbia na udongo. Kwao mistari ya mawe ikate mteremko, isiufuate.

Neno moja kwa wenye nyumba. Miti mikubwa, mikaratusi hasa, hunyonya maji chini ya msingi. Udongo mweusi husinyaa na ukuta hupasuka. Ipandeni mbali na nyumba kwa urefu wote wa mti uliokomaa. Mti wa siala una adabu zaidi, nao ni wa kwetu.

Mwaka ujao tutanunua pingili za paspalamu kwa pamoja. Oda zimfikie katibu kabla ya mwisho wa Januari, zikiwa na vipimo vya eneo kwa mita za mraba. Ambaye hajachimba mtaro aanze na huo. Pingili zake zitasubiri vuli.