Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu: Bangi Ina Ukurasa Mmoja Tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Tororo, hapa Uganda. Mimi ni mwalimu wa wauguzi katika chuo kikuu kimoja cha huku mashariki. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachoongea na wagonjwa wengi wa hapa mpakani. Nisiseme mengi: nataka bangi ifundishwe vyuoni. Sikusema iruhusiwe.

Kwa sasa notisi nilizorithi zina ukurasa mmoja juu yake, wote ni madhara. Mwaka jana niliposoma ukurasa huo darasani, kijana wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni sumu tu, ile inayolimwa Kasese kwa kibali na kupelekwa ng'ambo inakwenda kutibu nini huko?" Darasa likacheka. Mimi nikafuta ubao polepole, nikitafuta la kusema.

Siku chache baadaye tukawa wodini. Mama mmoja kamleta mwanawe wa miaka kumi na tisa, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe, ngozi ya vifundo imechubuka. "Hiyo ni njaga," yaani bangi, akasema askari wa lango kabla mgonjwa hajaketi, na wanafunzi wangu wakaandika hivyo hivyo kwenye fomu. Hakuna aliyeuliza alianza kuvuta lini, wala kama katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili, ilhali wanaoanza wangali wadogo na wenye ugonjwa huo katika ukoo ndio walio hatarini zaidi. Hakuna hata aliyemgusa paji la uso. Kipimo kikaonyesha malaria kali. Bangi pia alikuwa akivuta. Yote mawili, Mheshimiwa, na wanafunzi wangu walijua kuliona moja tu.

Utaniambia ni hatari kuwafundisha vijana habari za dawa ya kulevya. Lakini tulishafanya hivyo, tena tukawa mfano Afrika nzima. Mofini nayo ni ndugu wa heroini. Tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa mahututi, mwaka 1993, mofini ya maji imewatuliza wagonjwa wa saratani majumbani mwao, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo wawaandikie wagonjwa dawa hiyo wenyewe. Waliosomea, ndilo neno lenyewe. Kwanza darasa, kisha ufunguo wa kabati.

Sasa tazama bangi. Ndani yake mna kemikali iitwayo THC, inayolevya, na mna nyingine iitwayo CBD, isiyolevya. Dawa ya CBD iliyosafishwa iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye aina kali za kifafa, na habari hiyo imefika hadi kwa mama wa Kitgum mwenye mtoto wa ugonjwa wa kutikisa kichwa, unaoambatana na kifafa. Kasikia tu kwamba "mafuta ya bangi yanatibu kifafa". Mtoto wake yuko kwenye valproeti, dawa ya kifafa, na CBD ikikutana na valproeti inaweza kuliumiza ini. Nani wa kumwambia? Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye nimempa ukurasa mmoja.

Si uuguzi peke yake. Wanasheria wana kisa kizima cha kusoma: Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliitupa sheria ya dawa za kulevya ya 2015 kwa sababu akidi ya wabunge, yaani idadi inayotakiwa kikaoni, haikuthibitishwa ilipopitishwa, na Bunge likapitisha nyingine mwaka huo huo. Waliokuwa na kesi wakati huo walihitaji mawakili wanaoijua habari hiyo kwa kina. Na watu wa kilimo na mifugo wasijifanye hawajui. Marehemu shangazi yangu alikuwa akiloweka majani yale katika sufuria lililovunjika mpini, kuku wanywe wasipatwe na kideri. Je, yalisaidia? Sijui, na wala mtaalamu wa mifugo niliyemuuliza hakujua. Kuku walikuwa wanalala sana, hilo naweza kuapa.

Ninachoomba si kozi mpya yenye ada mpya, wazazi wamechoka. Mitaala ya uuguzi, udaktari, ufamasia na sheria inapoletwa kwenu kupitiwa upya, muulize kila chuo: bangi mnaifundisha vipi, kwa saa ngapi, na nani? Walimu nao wanolewe kwanza, mimi nikiwa wa kwanza. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kuna madaktari wanaowaona wagonjwa hawa kila siku. Wachache wao wakikaa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwa wiki moja wanaweza kuandika somo la kutosha.

Mimi nimeandika rasimu ya somo la saa nne, kwa kalamu, na swali la yule kijana nimeliweka ukurasa wa kwanza. Mkinipa siku, nitapanda basi la alfajiri niilete mwenyewe ofisini kwenu Kyambogo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa wauguzi, Tororo