Risala ya Wanafunzi wa Uhandisi wa Vifaa Tiba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Ubunifu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Kitivo, wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha mezani petu. Usiwe na wasiwasi, panya hatukuja naye. Hiki ni kitanda chake tu, cha kushikilia kichwa cha panya wa maabara anapopigwa mionzi ya ubongo kwa utafiti.

Mgonjwa wa uvimbe wa ubongo anayetibiwa kwa mionzi huvishwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa usoni mwake, kisha huambiwa atulie. Panya wa maabara haambiliki. Hupewa nusukaputi. Ubongo wake una uzito wa karibu nusu gramu, hivyo kichwa kikisogea milimita moja tu, mionzi iliyokusudiwa hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, huangukia kwingine, na mtafiti ataandika matokeo asijue. Watu husifia mashine. Sisi tunaona kitanda nacho kinastahili sifa.

Wazo si geni. Mwaka 1908 huko London, Victor Horsley na Robert Clarke walieleza kifaa cha kushikilia kichwa cha mnyama ili sehemu ya ndani ya ubongo ifikiwe kwa vipimo. Chetu ni cha plastiki, kwa kuwa metali hutawanya mionzi na kuchafua picha za CT, yaani picha za eksirei zinazoonesha ndani ya mwili. Meno ya juu hunasa kwenye kipande cha mbele, vijiti viwili butu hushika pande za masikio bila kutoboa ngoma, na mrija wa dawa ya usingizi hufika puani. Chini hupita maji ya uvuguvugu. Hayo maji yalitugombanisha sana, wengine wakisema ni urembo. Lakini panya aliyelazwa hupoteza joto upesi, na vyumba vya mashine vina viyoyozi vikali.

Tangu wanasayansi Russell na Burch waandike kitabu chao kuhusu kuwatendea utu wanyama wa maabara mwaka 1959, watafiti wanatakiwa kupunguza idadi ya wanyama wanaotumika. Kichwa kikikaa palepale kila mara, vipimo havitofautiani ovyo, na panya wachache hutosha.

Mheshimiwa, hadi sasa tumetumia panya bandia mwenye filamu ya kupimia mionzi ndani yake. Tunaomba saa za mashine mwishoni mwa wiki, tusije tukapanga foleni na wagonjwa. Pia tunaomba daktari wa mifugo wa kutusimamia kabla hatujaenda kamati ya maadili. Fedha ya plastiki tumeshachangishana.

Tunaomba kuwasilisha.